Shamba ya Watu Wote: Nani Ana Haki ya Kula?

Katika kijiji chetu, upande wa Kabare, kuna shamba moja lisilo la mtu. Liko chini ya kilima, karibu na bonde la maji, pale ambapo udongo ungali mweusi. Kila siku ya tatu ya juma, asubuhi mapema, utaona wamama wanashuka na majembe kwenye bega, wengine na mtoto mgongoni, na nyuma yao wanaume wachache wenye kuzungumza zaidi kuliko kulima. Wanapanda maharagi na mahindi, lenga-lenga, shu, vitunguu, na pembeni viazi vitamu. Mimi ndiye sekretere wa shamba hilo. Kazi yangu ni kuandika katika kaye nani amekuja na nani hakuja. Aliyekuja ninamwekea msalaba, asiyekuja ninamwekea sifuri. Siku ya mavuno tunahesabu misalaba, kisha tunagawa.

Ndugu msomaji, ni juu ya ile kaye nataka kuzungumza. Katika kurasa kama hizi wengi wameandika juu ya ngoma, majina, ndoa na mahari. Ni vizuri. Lakini desturi iko pia katika mambo madogo ya kila siku, kama vile namna ya kugawa beseni ya maharagi. Na mimi, mwalimu wa miaka mingi, ni mbele ya beseni nilijikuta siku moja sijui tena haki ni nini.

Ilikuwa mwezi wa kwanza 2016, wakati wa mavuno ya msimu A. Kanuni zetu tulizitunga sisi wenyewe, tukazisoma mbele ya watu wote. Zilisema: mtu akikosa mara sita katika msimu mmoja bila kutuma mwingine nafasi yake, jina lake linafutwa na hapati kitu. Kulikuwa mama mmoja mzee, mjane, wa rika la mama yangu mzazi. Wote tulimwita koko. Alikuwa amekosa mara tisa. Magoti yalimshinda kushuka kilima, na wajukuu walikuwa masomoni. Kanuni ni kanuni. Nilichukua biki, nikapiga mstari juu ya jina lake, na kusema kweli sikufikiri hata dakika moja.

Siku ya kugawa alikuja na kitunga chake. Alishuka polepole, mjukuu akimshika mkono, akakaa chini kati ya wengine. Tukasoma majina. Lake halikusomwa. Akangoja mpaka mwisho, kisha akasema: «Mwalimu, jina yangu umeisahau?» Nikamjibu kwa heshima yote kwamba kanuni anazijua, kwamba alikosa mara tisa. Akaniangalia. «Sawa. Magoti yangu ndiyo haikukuya. Lakini hii maharagi munagawa hapa, ilitoka wapi?»

Hakuna mtu aliyejibu, kwa sababu wote tulijua ilitoka wapi. Nitarudi kwa swali hilo. Kwanza nataka nijitetee kidogo, kwani sikuwa mtu mbaya siku ile, na kanuni ile haikuwa mbaya pia.

Shamba la watu wote ni kitu chepesi kuvunjika. Kila mtu anajua mambo yanavyokwenda: mwanzoni watu hamsini wanakuja wakiimba, juma la tatu wanakuwa ishirini, na wakati wa kupalilia, jua likiwa kali, unabaki na wamama saba wenye hasira. Kisha siku ya mavuno wale hamsini wanarudi wote, na vitunga vikubwa. Mbele ya hiyo kaye tulikwisha kuona hayo mara mbili, na mara mbili shamba lilikufa. Wale saba walisema hawawezi kulima kwa ajili ya matumbo ya wengine, na walikuwa na haki. Basi tulipoanza mara ya tatu tuliandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: asiyelima asile. Padri alitukumbusha kwamba hayo yanapatana na maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike. Tukafurahi. Biblia na kaye vilikuwa vimepatana.

Lakini nyuma ya siku ile ya koko nilirudi kusoma lile andiko, na niliona neno ambalo tulikuwa tumelipita haraka. Paulo hasemi juu ya mtu ambaye hafanyi kazi, anasema juu ya mtu ambaye hataki kufanya kazi. Kati ya hao wawili kuna umbali kama kutoka hapa mpaka Uvira. Kijana mwenye nguvu ambaye anashinda chini ya mgomba akingoja kasiksi, huyo hataki. Mzee mwenye magoti mabaya, mama aliyejifungua juma lililopita, mtu anayetetemeka kwa malaria, hao hawawezi. Kaye yangu haina nafasi ya kuandika «hataki» na «hawezi». Ina msalaba na sifuri tu. Wote wanapata sifuri moja.

Nikajiuliza: hii namna ya kuhesabu watu kwa misalaba tuliipata wapi? Tulidhani ni ya wazee wetu. Hapana. Wazee wetu hawakuwa na kaye. Tuliikuta kwa Wabelgiji. Mwaka wa 1917 serikali ya koloni ilitoa amri ya kulima kwa lazima, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita ya pili ya dunia, mwaka wa 1942, zikapandishwa mpaka 120. Mahali pengine ilikuwa pamba, mahali pengine mpunga au mihogo. Kwetu Kivu watu walichimba tena mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na wazee wengi walizikumbuka zile mitaro kuliko walivyokumbuka vita yenyewe. Asiyefikisha kipimo chake alilipishwa au alifungwa, na kiboko kilikuwa karibu. Kisha ikaja salongo ya wakati wa Mobutu. Neno lilikuwa zuri, kazi ya pamoja kwa faida ya wote, lakini watu waliitwa kwa majina, na aliyekosa alitafutwa nyumbani. Mimi nilikuwa kijana, nilifagia barabara nyingi ambazo shefu peke yake ndiye alipita na motokaa.

Basi nilipokuwa nikipiga msalaba katika kaye nilifikiri ninatunza desturi, kumbe nilikuwa ninatunza kitu kingine. Sisemi kuhesabu ni dhambi. Ninasema tu, tusiite desturi ya babu kitu ambacho babu alikimbia porini kwa sababu yake.

Kwa babu mambo yalikwendaje? Mwenye alitaka kulima shamba kubwa alitengeneza kasiksi na chakula, akaita majirani. Wakalima kwake leo, kesho kwa mwingine, zamu kwa zamu, sawa vile siku hizi tunafanya likelemba ya franka. Kuhesabu kulikuwako, ndani ya kichwa. Kila mtu alijua nani anakula kasiksi ya wengine bila yake kuliwa. Lakini hakuna aliyehesabu siku za mjane. Shamba lake lililimwa kwa sababu ni la mjane, na jioni yeye alileta alichokuwa nacho, hata ikiwa ni mateke mawili ya kuchemsha, na hakuna aliyecheka.

Tena kulikuwa sheria ya njia. Mimi nilikulia katika sheria hiyo, na wengi wa umri wangu watanielewa. Mtu anayepita karibu na shamba lako akiwa na njaa, akivunja muwa au akila ndizi iliyoiva pale pale akisimama, si mwizi. Hata kama hukumwona, hata kama hakukuomba. Lakini akiweka katika kitunga, au akifunga katika kikwembe na kwenda nayo, hapo ni mwizi, na utapiga kelele. Kula ni ya njaa, kubeba ni ya tamaa. Nilipokuwa mkubwa nikakuta kwamba Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, inatoa sheria ile ile juu ya mizabibu ya jirani: kula ndiyo, kujaza chombo hapana. Nilishangaa sana. Watu wa milima yetu na Waisraeli hawakukutana, lakini walikuwa wamekutana na njaa, na njaa iliwafundisha kitu kimoja.

Angalia vizuri sheria hiyo. Haiulizi kama mpita njia alilima. Haiulizi hata kama ni wa kabila lako. Inapima tumbo lake la leo tu. Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na mawazo mawili pamoja katika kichwa kimoja: shamba ni lako kweli, na tena si lako mpaka mwisho. Sisi wasomi tunapenda kuchagua moja kati ya hayo mawili. Wao hawakuchagua.

Hapa nasikia msomaji mmoja, pengine mama, ananiambia: Mwalimu, usitupambie babu. Ana haki. Desturi ile ile iliyomlisha mpita njia ilimnyima mke udongo. Kwetu Bushi, mtu alipata shamba kwa kalinzi: alileta ng'ombe au mbuzi kwa mwami au kwa mkubwa wa udongo aliye chini yake, akapata haki ya kukaa na kuwaachia watoto. Lakini kalinzi ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alilima shamba la baba, kisha shamba la bwana, kisha, akifiwa, shamba la mtoto wake wa kiume. Maisha mazima ana jembe mkononi, na hakuna kipande hata kimoja cha udongo kinachoitwa kwa jina lake. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilikuja kusema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Kijijini watu waliendelea kusema kalinzi na bwasa kama mbele, na wenye pesa mjini walijua namna ya kutumia sheria zote mbili.

Shamba letu ni la bwasa. Maana yake, tumelikodi kwa msimu, na kila msimu tunamlipa mwenyewe. Ukiwa na bwasa hupandi mgomba wala kahawa wala mti wowote wa kudumu, kwa sababu mti unadai udongo. Unapanda vitu vya miezi mitatu au mine, unavuna, unatoka au unalipa tena. Ndiyo maana hutaona ndizi katika shamba letu. Na udongo umekuwa haba sana. Tangu wakati wa koloni vilima vizuri viliingia katika mashamba makubwa ya chai, kahawa na kinkina, hasa baada ya kuundwa Comité National du Kivu mwaka wa 1928, na mengi ya mashamba hayo hayakurudi kwa watu. Yalibadilisha bwana tu. Wenyewe tumezaana. Mtoto wa leo anagawiwa kipande ambacho ukilala chini miguu yako inatoka kwa jirani.

Sasa rudisha koko katika picha. Shamba alilokaa juu yake lilikuwa la mtoto wake wa kiume. Mahali pa pekee duniani ambapo jina lake liliandikwa karibu na udongo palikuwa katika kaye yangu. Na mimi ndiye niliyelipigia mstari.

Na swali lake? Maharagi ilitoka wapi?

Tulipoanza ile mara ya tatu, mwaka wa 2010, shirika moja lilitupa mbegu bure. Mifuko mizuri, maharagi ya rangi moja, makubwa, yote kama watoto wa mama mmoja. Agronomu wao alitueleza kwamba yanazaa sana. Na kweli, mahali pengine yalizaa, sitaki kuwasingizia. Lakini mwaka ule mvua ilipita kiasi, na kwa kuwa yalikuwa ya namna moja yalikufa kwa namna moja. Mizizi ilioza shamba zima. Tulikaa chini tukiangalia majani ya manjano. Hapo ndipo koko alipanda nyumbani, akarudi na chungu. Ndani kulikuwa maharagi ya kila rangi: mekundu madogo, ya njano, meusi, meupe, yenye mistari kama yai la ndege. Alikuwa akiyatunza tangu kwa mama mkwe wake. Mwaka wa 1996, watu walipokimbia vita, aliacha mbuzi, aliacha sufuria, lakini maharagi aliyafunga katika pindo la kikwembe.

Wataalamu wa kituo cha INERA cha Mulungu, ambacho kiko hapa hapa Kabare, wamejifunza maharagi ya mkoa huu miaka mingi, na wanajua kile ambacho wamama wetu wanafanya tangu zamani: hawapandi aina moja, wanapanda mchanganyiko. Ikinyesha sana, aina moja inakufa na nyingine inasimama. Jua likizidi, ni kinyume. Na huo mchanganyiko haujifanyi wenyewe. Kila mavuno mama anakaa chini, anachambua mbegu moja moja, anaongeza hii, anapunguza ile, kwani anajua ile itafaa kwa udongo wa chini ya migomba na hii itafaa kwa udongo uliochoka kule juu. Ukipita unamwona amekaa tu, unafikiri anapumzika.

Je, hiyo si kazi? Katika kaye yangu haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuinama na jembe siku ya tatu ya juma. Koko alikuwa amefanya kazi ya miaka arobaini akiwa amekaa, na mimi nilimwandikia sifuri tisa.

Hapa niweke mabano madogo, kwa sababu neno «chakula cha kwetu» linatumiwa vibaya siku hizi. Tunasema turudi kwa vyakula vya babu: maharagi, mihogo, mahindi, viazi vitamu. Lakini hivyo vyote asili yake ni Amerika, vilivuka bahari katika meli za Wareno na wengine, vikapanda milima yetu mkono kwa mkono. Vya zamani zaidi kwetu ni mtama na ulezi, hata ndizi na mateke vilitoka mbali, Asia. Basi nini kinafanya haragi kuwa ya kwetu? Nafikiri ni ile mikono. Hakuna koloni aliyeamuru mama wa Bushi achanganye rangi kumi katika chungu kimoja. Jirani alimpa jirani, mama mkwe alimpa mke wa mtoto wake, na kila mmoja aliongeza akili yake kidogo. Mbegu ikikataa kutoka nje ya nyumba moja, inakufa siku nyumba hiyo inapochomwa. Ikiwa imegawiwa kwa nyumba kumi, utaikuta kwa moja. Ndiyo maana kwetu kumnyima jirani mbegu kulikuwa aibu kubwa kuliko kumnyima chakula.

Hata shamba ambalo ni lako peke yako halikupi uhuru unaofikiri. Tuliona hayo na ugonjwa wa migomba, ule unaogeuza majani kuwa manjano na kuozesha ndizi kabla haijaiva. Ulionekana Masisi mwaka wa 2001, kisha ukashuka polepole mpaka kwetu. Dawa yake ni nidhamu tu: kukata ua la dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha kisu katika moto kabla ya kwenda kwa mgomba mwingine, kuondoa shina lililougua. Ukifanya yote hayo, na jirani yako mmoja mvivu hafanyi, nyuki wanatoka kwake wanakuja kwako. Mimi nilipoteza migomba kumi na moja kwa sababu ya kisu cha mtu mwingine. Nani basi anaweza kusema: nilichovuna ni jasho langu peke yangu?

Turudi kwa siku ile. Komite ilijitenga kando, tukanong'ona. Prezida alisema tukimpa huyu bila misalaba, kesho wote watakuwa na magoti. Alikuwa na haki kidogo. Mama mmoja alisema tumpe kitunga kimoja kama zawadi, kwa huruma, bila kuandika. Tuliona hiyo ni akili: kanuni inabaki, na koko anakula. Nikajaza kitunga mimi mwenyewe, nikampelekea kwa mikono miwili.

Hakukipokea. «Zawadi, wajukuu wangu wananipa. Mimi nilikuya kuchukua yangu.» Akasimama, akapanda kilima na kitunga kitupu. Hakurudi tena shambani mpaka alipofariki mwaka wa 2022.

Nimefikiri miaka mingi juu ya kile kitunga. Maharagi yalikuwa yale yale, uzito ule ule, sufuria ingeyapika vile vile. Kwa nini mtu mwenye njaa akatae? Nafikiri ni kwa sababu tulimpa chakula na tukamnyang'anya nafasi. Mwenye kula haki yake anakaa kati ya wengine. Mwenye kula huruma anakaa mlangoni. Mpita njia wa zamani hakuomba na hakushukuru, alivunja muwa wake akaenda zake, na ilikuwa vizuri hivyo, kwa kuwa kesho mwenye shamba ndiye angekuwa mpita njia. Sisi tuligeuza haki kuwa wema wetu, na tukataka kusifiwa. Nina hakika kama tungeandika katika kaye neno moja tu, «mbegu», mbele ya jina lake, angekipokea kile kitunga hata kikiwa nusu.

Je, kila asiyeweza apewe haki sawa? Hata yule ambaye hakuleta mbegu, hakuleta kitu? Swali hilo ni gumu zaidi, na lilikuja kwetu lenyewe, kwa miguu.

Mwezi wa pili 2025 vita ilifika Kavumu, na siku chache nyuma yake Bukavu. Watu walipita katika vilima vyetu na magodoro kwenye kichwa. Walikuwa wengi, hatukuwajua. Walikula lenga-lenga yetu, walichimba viazi, shu zilikwisha kwa siku moja. Hakuna aliyewaita wezi. Hata prezida wetu, mtu wa kanuni, aliwaonyesha pale viazi vilikuwa vikubwa. Wengine pia walipita, wenye silaha, na hao walibeba. Sheria ya njia ilikuwa imerudi bila mtu kuitangaza, na kila mtoto aliona tofauti kati ya kula na kubeba.

Lakini viazi vilikwisha na watoto walikuwa wangali ndani ya vyumba vya masomo, wamelala chini. Ikabaki mbegu ya msimu B, mifuko miwili, katika nyumba ya prezida. Kwetu mbegu hailiwi. Mtu anaweza kulala njaa karibu na mbegu yake, na hatashangaza mtu. Tulibishana usiku mzima. Mama mmoja, wa wale saba wa kwanza, alisema: «Hii mbegu ni ya watoto wetu ya mwezi wa sita. Mukipika leo, munaiba kwao.» Mwingine akamjibu: «Na hawa ni watoto ya nani?» Asubuhi tulipika. Siku tatu tulipika. Sijui kama tulifanya vizuri. Nyumba mbili za kijiji chetu zilipata njaa kali mwezi wa sita, na mtoto wa moja kati ya hizo nilimfundisha mimi. Najua tu kwamba usiku ule hakuna aliyefungua kaye.

Walipoondoka, mvua ilikuwa imekwisha kuanza, na hatukuwa na cha kupanda. Mtu akakumbuka chungu cha koko. Kilikuwa kwa mke wa mtoto wake. Tulikwenda watu wane, mimi nikiwa mmoja wao, tukakaa, tukaongea habari za vita, kisha tukaomba mbegu. Akasema ziko. Akatutajia bei ya soko, na hakupunguza hata franka.

Prezida alikasirika: tangu lini mbegu inauzwa kwa jirani? Mama yule hakupandisha sauti. «Papa, kwa jirani haiuzwe. Lakini mama mkwe alinielezeaka ile kaye. Mulipe kwanza.»

Tulilipa, kwa pesa za bwasa, na mwenye udongo alitungoja mpaka mavuno. Kurudi, prezida alilalamika njia yote kwamba watu wamepoteza desturi. Mimi nilinyamaza. Siku ile ile nilifungua kaye mpya nikaandika jina la koko, na chini yake la mke wa mtoto wake, na mbele yao «mbegu». Yeye haji shambani. Msimu uliopita wengine waliuliza kama atapata kitu bila msalaba hata mmoja, tena akiwa amekwisha kulipwa. Tulimpelekea beseni moja. Aliipokea, akahesabu, akasema inapungua, nami nilirudi kuongeza.